Kanzu ya Kuagiza na Duka la Mtandaoni



Baada ya Idi alitujia kijana mmoja tuliyemsomesha chuoni, uso umemsawijika. Kijana huyu ana cherahani mbili nyumbani kwao, na huuza kanzu kwa njia ya mtandao. Mzee mmoja alimwagizia kanzu tatu, yake na za wanawe wawili, akazilipia kamili. Alichagua darizi ya zari. Kumbe zari ilikwisha tangu Rajabu, wala hapana aliyeifuta katika orodha ya duka. Kanzu zikafika zimedariziwa kwa uzi mweupe, tena siku ya pili ya Idi! Mzee akadai fedha zake. Kijana akajitetea kuwa kitambaa kimekwisha kukatwa.

Sisi tulimwambia azirejeshe fedha, kwani aliyenunua kwa sifa halazimiki kupokea kisichokuwa na sifa hiyo. Kisha tukakaa naye kulipanga duka upya, na hayo twapenda vijana wengine nao wayajue.

Kwanza ni hesabu. Alikuwa akionyesha urefu wa namna 6, rangi 5, shingo 2 na darizi 4. Yeye alidhani ana mambo 17 ya kuangalia. Lakini mnunuzi huchagua moja katika kila fungu, kwa hivyo ni 6 mara 5 mara 2 mara 4, yaani kanzu 240 mbalimbali, na kila moja ni ahadi. Tukaacha rangi 3 na darizi 2, zikabaki 72. Wala wanunuzi hawakupungukiwa kitu. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper walieleza jaribio lililofanywa katika duka moja la California: palipopangwa aina 24 za jamu, katika kila watu 100 waliosimama walinunua kama 3 tu; palipopangwa aina 6, walinunua kama 30. Wingi wa kuchagua waweza kumchosha mtu akaenda zake.

Pili, iliyo tayari itengwe na itakayoshonwa. Iliyo tayari ihesabiwe, na ikiisha isiweze kuchaguliwa tena. Ya kushonwa iandikiwe siku itakayofika.

Tatu, kila nyongeza iwe na bei yake kando yake, na jumla ionekane kabla ya kulipa, si baadaye.

Nne, maneno yawe wazi. “Kubwa” na “ndogo” hayatoshi. Huyu hupima toka begani, yule toka shingoni. Ziandikwe inchi, na iwekwe picha ionyeshayo mahali pa kupimia. Na anayetaka jina lake lidariziwe, aonyeshwe herufi zake azihakikishe, kwani kanzu yenye jina la mtu haiuziki kwa mwingine.

Haya si mageni kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya kuzipata. Hakuwakataza, bali aliwaamuru kipimo kijulikane, na uzani ujulikane, na muda ujulikane. Ndiyo biashara ya salam. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameshurutisha kuwa kitu kielezwe sifa zake hata pasibaki nafasi ya ugomvi. Mtandao umeibadili njia ya kuagizia tu, sharti halikubadilika.

Nanyi wazazi, mwanenu akifungua duka la namna hii, kaeni naye usiku mmoja mwisome orodha yake pamoja. Kwa kila kilichoandikwa mwulizeni: “Hiki kikiagizwa kesho asubuhi, waweza kukitoa?” Akisita, na akifute usiku uleule. Ni kheri duka lenye kanzu kumi za kweli kuliko lenye mia mbili za kutazamwa, na mzee wa watu akaenda kuswali Idi na wanawe kwa kanzu za mwaka jana.