Bati inatoka kwetu, mutuache tutengeneze redio zetu

Wandugu raia, wazazi wetu, viongozi wa Leta,

Sisi vijana raia wa Omate na wa vijiji jirani, mu Walikale na Masisi, tunaandika leo juu ya kitu ambacho wengi watasema ni kidogo: redio imekufa, batiri ya solere imeisha nguvu, simu haishike tena umeme, ampule inawaka na kuzimika. Watatuuliza: inchi iko mu vita, na ninyi munatuletea mambo ya redio?

Ndiyo, tunaleta mambo ya redio. Kwetu huku redio ndiyo inatuambia barabara gani imefungwa na kijiji gani kimekimbia. Simu ndiyo inamwambia mama kama mtoto wake amefika. Ampule ya solere ndiyo inamulikia mukunga wakati mama anazaa usiku. Kitu kama hicho kikifa na hakuna mtu wa kukitengeneza, hasara yake inaingia mu nyumba siku ile ile.

Tunasema wazi tangu mwanzo: inchi inayotoa madini ya vifaa vya dunia nzima haina ruhusa ya kusumbua na kuzarau watoto wake wanaotengeneza vifaa hivyo. Artikle ya 58 ya Katiba inasema kama kila Mukongomani ana haki ya kufurahia utajiri wa inchi. Haki ya kufungua kifaa chako, kukielewa na kukitengeneza, ni sehemu ya haki hiyo.

Udongo wetu uko ndani ya redio

Fungua redio yoyote. Utaona kibao, na juu yake vipande vidogo vidogo vimeshikwa na matone yanayong'aa. Matone yale ni bati. Karibu nusu ya bati yote inayotumiwa duniani inaenda mu kazi hiyo moja ya kushikanisha vipande vya vifaa vya umeme. Na bati inatoka mu kasiterite, ile watu walianza kubeba mu mugongo, siku mbili mu pori, kutoka Bisie, hapa hapa Walikale, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tarehe 1 Julai 2006, Ulaya ilikataza risasi katika vifaa vingi vya umeme, juu ni sumu. Viwanda vikaacha kuchanganya bati na risasi, vikatafuta bati zaidi. Kwa hiyo Ulaya ilitoa risasi mu redio zake, na miaka ile ile kwetu risasi za bunduki zililia juu ya bati. Bisie ilikaliwa na wanajeshi, wachimbaji wakatozwa. Septemba 2010 Leta ikafunga uchimbaji wote mu Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema mpaka Machi 2011, na wenye kulala njaa walikuwa wachimbaji. Leo kuna mugodi wa kiwanda, ulioanza kuuza bati mu 2019, na mawe yake yanaenda kuyeyushwa inchi za mbali.

Masisi nayo ni vile. Koltani ya Rubaya inatoa tantale, na tantale inatengeneza kondensateri ndogo sana, zile zinazokaa mu simu na mu ordinatere. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mu mikono ya M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kama kundi hilo linakusanya huko karibu dolari 800.000 kila mwezi.

Sasa muangalie fundi wetu wa soko. Anataka kushikanisha waya moja uliokatika ndani ya redio. Ananunua uzi wa bati uliotengenezwa Uchina, umevuka bahari, umelipiwa mu mipaka, umepita baryere moja baada ya ingine. Bati ilitoka chini ya miguu yake. Inarudi kwake kwa metre, na bei inamushinda.

Fundi si ng'ombe ya kukamua

Fundi ana meza moja chini ya hema, feri ya kusude moja, multimetre moja, na plake ya solere juu ya bati la nyumba. Mutu wa kwanza anakuja na karatasi ya patante. Wa pili anasema ni kodi ya soko. Wa tatu anasema ni ya mazingira. Wa ine hana karatasi hata moja, ana bunduki. Mangaribi ikifika, fundi amelipa kuliko amepata, na redio ya muzee ingali inangojea kipande cha franga kidogo ambacho hana feza ya kukinunua.

Hatusemi fundi asilipe. Sheria inajua patante, na patante inalipwa mara moja kwa mwaka, na mutu anapewa karatasi. Tunasema alipe mara moja, apewe risiti, na feza ile ionekane imefanya kazi gani. Ingine yote ni wizi wenye kuvaa kofia.

Majibu tatu tumechoka kusikia

Jibu la kwanza: «Hii ni kazi ya wale walishindwa masomo.» Uongo. Kutafuta ugonjwa wa televizio ni kufuata njia ya umeme kutoka waya wa kuingilia mpaka mu kiyoo, ukipima kila fasi. Ni kujua kama kondensateri iliyovimba kichwa ndiyo mara mingi inaua kifaa kizima, na kama kabla ya kugusa ndani unapashwa kutoa waya mu priza na kungojea, juu kondensateri kubwa inaweka umeme hata kifaa kikizimwa, na inaweza kukuua. Hayo ni masomo. Wako vijana wanaomaliza sekondari ya elektrisite bila kushika feri ya kusude hata siku moja. Diplome iko mu ukuta, redio ya baba iko chini ya kitanda imekufa. Nani ameshindwa masomo hapo: kijana, ao wale walimufundisha umeme kwa chaki tu?

Jibu la pili: «Artikle 15, mujitegemee.» Wandugu, musome Katiba ya 2006. Artikle yake ya 15 inapasha Leta kupiganisha jeuri ya kijinsia. Hakuna fasi imeandikwa kama raia ajipange peke yake na Leta ilale. Sisi tunajipanga tayari, tangu tumezaliwa. Kijana anayetoa batiri nzuri mu ordinatere iliyokufa na kuwashia nayo nyumba tatu hana haja ya kufundishwa kujitegemea. Anachokosa ni vyombo, vipande, masomo na usalama. Kumupigia mikono kwa akili yake na kiisha kumutoza mara ine, hiyo si heshima.

Jibu la tatu: «Nunua mupya, iko rahisi.» Rahisi kwa nani? Plake imeandikwa wati 100, ukiipima kwa jua kali haitoe hata nusu. Batiri inauzwa mupya na ndani ni ya zamani iliyovalishwa karatasi ingine. Simu imefungwa na gundi ili mwenyewe asifungue. Masikini ananunua kitu kimoja mara mbili, mara tatu kwa mwaka, na tajiri aliyekiuza hayuko tena mu soko. Kitu cha kutengenezeka ndicho rahisi. Kingine ni deni.

Na wale wanaotuambia kama kutengeneza ni mambo ya wamasikini wasikie hii. Ufaransa, kuanza Januari 2021, ilipasha simu na televizio viuzwe vikionyesha pointi juu ya 10 za kusema kama kifaa kinatengenezeka vizuri ao hapana. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mu Juni 2024, na ukapatia inchi zake mpaka tarehe 31 Julai 2026 kuitumikisha. Wale wenye kununua tantale na bati yetu wameona kama kutupa ni hasara. Sisi wenye kuichimba tutaona lini?

Vita imefanya kazi hii kuwa ya lazima

Tangu Goma ilishikwa mwisho wa Januari 2025, banki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, na barabara kila mutu anajua. Mu Machi 2025 vita ikafika mpaka Walikale-centre. Mugodi wa Bisie ukasimamisha kazi, na mu Aprili ukaanza tena. Kampuni ilikuwa na njia ya kuondosha watu wake na kuwarudisha. Raia aliondoka na kilo ambazo kichwa chake kinaweza kubeba: nguo, sufuria, mutoto, simu, plake kidogo. Simu ile ikianguka mu maji ya mvua, hatanunua ingine. Anatafuta fundi. Na fundi naye amekimbia, vyombo vyake vimeporwa, na kipande kikitoka mbali kinatozwa na kila mwenye silaha, awe na uniforme ya Leta ao asiwe nayo.

Na vile havitengenezwe vinaenda wapi? Mu 2022 dunia ilitupa tone milioni 62 za vifaa vya umeme, na hata robo yake haikukusanywa na kushugulikiwa vizuri. Mukataba wa Bamako wa 1991 ulisema Afrika isiwe fasi ya kutupia takataka za sumu. Lakini huku tunaona batiri ya gari inapasuliwa na watoto, aside inamwagwa karibu na mito, risasi yake inayeyushwa mu sufuria ambayo kesho itapika chakula. Batiri ya simu iliyovimba inatobolewa na musumari ili ipungue, na hapo inaweza kuwaka mu mikono. Hii si ujinga wa raia. Hakuna aliyewafundisha na hakuna fasi ya kuvipeleka.

Tunachodai

Kwanza, viongozi wa Secteur ya Wanianga, ya Bakano, na wa chefferie na secteur za Masisi siku Leta itarudi huko: sheria ya madini ya 2018 inapatia entite zenu asilimia 15 ya redevance ya madini, na inapasha kila kampuni ya uchimbaji kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Mutuonyeshe hesabu, mubandike mu ukuta wa biro. Na ndani ya feza hiyo mujenge atelye moja ya umma mu kila sehemu kubwa: meza, multimetre, feri, plake, na fundi anayelipwa kufundisha.

Pili, wenye kukusanya kodi: patante moja, risiti moja, mwaka moja. Na vyombo vya fundi na vipande vya kutengenezea vipite baryere bila kutozwa.

Tatu, wenye shule: mwanafunzi wa elektrisite asipate diplome bila kutengeneza kifaa kilichokufa kweli mbele ya wakaguzi. Na dada zetu wakae mu meza hiyo, si nyuma ya mulango.

Ine, OCC, yenye kazi ya kupima vitu vinavyoingia mu inchi: mupime plake na batiri kabla zifike mu soko, si karatasi zake tu.

Tano, wafanyabiashara: aliyeuza plake auze na kipande chake, na akubali kurudishiwa kitu kibovu.

Sita, na hapa hatuogope wandugu zetu: wafundi, muache kutoa kipande kizuri na kurudisha kibovu. Muache kununua simu bila kuuliza imetoka wapi. Onyesha mwenye kifaa kipande ulichotoa, mwambie bei kabla ya kufungua. Hatuwezi kupigania haki ya kazi ambayo wenyewe tunaiharibia jina.

Sisi hatutangoja

Mwisho wa kila mwezi, pale usalama utakubali, tutafanya salongo ya kutengeneza. Leteni redio, ampule, simu, feri ya kupasi. Fundi atafungua mbele ya wote, wenye kutaka watajifunza, na batiri zilizokufa zitakusanywa mu sanduku moja kavu, mbali na watoto na mbali na maji. Kisichotengenezeka kitatoa vipande kwa kingine. Na kila kodi isiyo na risiti ambayo fundi ametozwa tutaiandika: siku, fasi, kiasi. Daftari hiyo tutaipeleka kwa wenye mamlaka, na tutaisoma mbele ya raia.

Kwa miaka makumi wametuita watu wa kuchimba tu. Tunachimba, ndiyo. Lakini tunajua pia jiwe lile linakuwa nini, na tunajua kulirudisha mu maisha likikufa. Mutuache tufanye kazi. Na kama hamutatuacha, mutusikie.

Congo ni yetu, na vilivyotoka mu udongo wake pia.

Vijana raia wa Omate, Walikale na Masisi