WAMEING'ARISHA NDEGE, WAMEWAFICHA MAITI

Ndugu Waislamu, baadhi yenu mna watoto na jamaa wanaoishi Marekani. Huenda wakawa wamekwisha kuitembelea ile nyumba kubwa ya makumbusho ya ndege iliyoko Chantilly, katika jimbo la Virginia. Humo imewekwa ndege moja ya mabomu yenye injini nne, bati lake linang'aa kama sufuria mpya. Jina lake ni Enola Gay. Rubani wake, Paul Tibbets, aliiita kwa jina la mama yake mzazi. Subhanallah! Jina la mama limebandikwa ubavuni mwa ndege iliyokwenda kuwachoma kina mama wa watu pamoja na wana wao.

Maana hii ndiyo ndege iliyoangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Asubuhi ile maelfu ya watoto wa shule walikuwa nje. Walikuwa wametolewa madarasani kwenda kusaidia kubomoa nyumba, ili zifunguliwe njia za kuzuia moto usienee mjini. Moto ukawajia kutoka juu. Hata kufika mwisho wa mwaka ule, watu kiasi cha 140,000 walikuwa wamekwisha kufa.

Ama ndege yenyewe, baada ya vita ilitupwa. Tangu 1953 mpaka 1960 ilikaa uwanjani kwenye kambi moja ya jeshi karibu na Washington, inanyeshewa mvua, ndege wa angani wakajenga viota ndani yake, na watu wakinyofoa vipande vya kuweka ukumbusho majumbani. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa ghalani. Mwaka 1984 mafundi wa makumbusho wakaanza kuifanya upya. Wakasafisha kila bomba na kila waya, wakatafuta vifaa vya asili vilivyopotea. Kazi ile ilichukua kiasi cha saa 300,000. Mtu mmoja angefanya kazi saa 8 kila siku, bila ya Ijumaa wala Idi, ingemchukua zaidi ya miaka 100.

Sisi hatusemi kuwa kuitengeneza ni kosa. Wako wanaosema ingeyeyushwa ikafanywa vijiko. Hapana. Katika Suratu Yunus Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa mwili wa Firauni uliokolewa na maji ili uwe ishara kwa watakaokuja nyuma. Kwa hiyo kitu cha dhalimu huweza kuhifadhiwa, na kikawa na faida. Lakini Firauni hakuhifadhiwa apate kusifiwa ukubwa wa jeshi lake! Ishara isiyosema imeashiria nini, hiyo si ishara, ni pambo.

Na hapa ndipo tunapowalaumu. Wakuu wa makumbusho yale walikusudia kwanza kufanya maonyesho ya haki. Walitaka kuiweka ndege na kando yake vitu vilivyotoka Hiroshima, kikiwamo chombo cha chakula cha mtoto wa shule, chakula chenyewe kimekuwa makaa ndani yake. Basi zikazuka kelele! Askari wastaafu wakakasirika, Septemba 1994 Baraza la Seneti likapitisha azimio la kuyalaumu, Januari 1995 maonyesho yale yakafutwa, na Mei mkuu wa makumbusho akajiuzulu. Yakawekwa mengine, ya ndege na habari za ufundi wake. Kumbe mafundi waliachwa miaka waisugue watakavyo, na kijaluba cha mtoto hakikuvumilika hata siku moja.

Wana hoja yao, nasi tuitaje. Wanasema Wajapani ndio walioanza vita na Marekani, na kwamba majeshi yao yalifanya unyama China na kwingineko. Hayo ni kweli. Wanasema pia kuwa bomu lilifupisha vita na kuokoa roho. Sisi tumefundishwa vingine. Mtume (s.a.w.) alimwona mwanamke ameuawa vitani akakataza kuuawa wanawake na watoto. Sayyidna Abubakar (r.a.) alipolituma jeshi Sham aliliusia hata miti ya matunda isikatwe. Uovu wa mfalme haumhalalishi mtoto wake, seuze mtoto wa jirani. Lakini tuseme hoja yao ni sahihi. Kwa nini basi idadi ya waliokufa ifichwe? Mwenye hakika na hukumu yake haogopi kuisoma mbele ya watu.

Tusidhani ni mambo ya mbali. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga nyumba ya mfalme Unguja, watu kiasi cha 500 wakauawa na kujeruhiwa. Mambo hayo hutajwaje leo? Hutajwa kuwa ni vita vifupi kuliko vyote duniani, watu wakacheka. Hata watoto wetu hulijua swali hilo la chemsha bongo. Dakika zimehesabiwa, marehemu wetu hawana hata jina.

Desemba 2003 Enola Gay ilionyeshwa nzima kwa mara ya kwanza huko Chantilly. Kibao chake kilitaja bomu na Hiroshima, kikaeleza ubora wa ndege ile, na idadi ya waliokufa haikuwamo. Walipoulizwa, wakasema vibao vya ndege nyingine nazo ni hivyo hivyo. Siku ya ufunguzi walikuja wazee wa Kijapani walionusurika siku ile ya 1945, wameshika picha za waliokufa. Katika fujo mtu mmoja akatupa chupa ya rangi nyekundu, bati likabonyea kidogo.

Wazee wale hawakuomba ndege ivunjwe. Waliomba watu waliokufa waandikwe pale kibaoni.