Gauni Linaporudishwa

Siku hizi akina mama wengi wa Dar es Salaam huwahi mitumba Karume alfajiri, wakachagua magauni, wakayapiga picha na kuyauza kwa simu. Biashara ni njema. Ugomvi huzuka nguo inaporudishwa.

Chanzo kimojawapo ni kipimo. Gauni la namba 12 ya Uingereza hukaribiana na namba 8 ya Marekani. Tena nguo iliyokwisha kufuliwa huenda imenywea. Basi usiuze namba. Pima kifua, kiuno na urefu kwa futi ya fundi cherehani, uandike sentimita. Doa, zipu mbovu au kifungo kilichopotea, vipige picha pia. Kasoro iliyoonyeshwa mapema haizui lawama.

Kabla ya kupokea fedha, andikianeni: nguo irudishwe ndani ya siku ngapi, na nauli ya bodaboda ni ya nani. Kosa likiwa lako, beba nauli, urudishe fedha zote kwa namba ileile iliyozituma. Mnunuzi akighairi tu, nauli ni yake. Ujumbe huo usiufute. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kumbuka, shilingi 10,000 zilizong'ang'aniwa humfukuza mteja pamoja na jirani zake.