Tuache Kufungia Lugha Katika Darasa

Katika vijitabu vyetu vya utamaduni tumezoea kulia kwamba Kibembe kinapotea, kwamba vijana wanachanganya Kiswahili na Kifaransa mpaka mzee hasikii tena kitu. Kisha tunachapa orodha ya maneno: jina la kikapu, jina la mti, jina la shangazi. Mimi mwenyewe nilishiriki kutengeneza orodha ya namna hiyo. Leo nasema wazi: orodha zile sijaona zikimfundisha mtoto hata mmoja kusema. Na sisi walimu, tuliopita kwenye ISP na kurudi na diplome mkononi, kosa letu ni kubwa kuliko la wengine.

Nitoe mfano wa aibu yangu. Siku moja nilikuwa nafundisha Kifaransa katika sekondari, somo juu ya uvuvi. Nilifuata kitabu: bwana mmoja na fimbo yake, ndoano, mto, samaki wa maji ya baridi ya Ulaya. Niliandika maneno 12 ubaoni, watoto wakanakili. Kijana mmoja ambaye baba yake ana mtumbwi akainua mkono: « Prof, huyu mutu anavua muchana, tena peke yake? Taa yake iko wapi? » Darasa lote likacheka. Kijana yule alijua ndagala wanavuliwa usiku wa giza, kwamba wanafuata mwanga wa taa, na kwamba mwezi ukiwaka sana wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Alijua asubuhi nani anagawiwa kiasi gani, na ugomvi unaanzia wapi. Angeweza kusema nusu saa nzima. Lakini katika zoezi alipata 3 juu ya 10, sababu neno la ndoano aliliandika vibaya. Hiyo 3 ni mimi nilimpa.

Sasa tuangalie wakimbizi, maana hapa Lusenda somo hilo lilitufika mpaka mlangoni. Kuanzia mwaka 2015 Warundi wengi walivuka kukimbia fujo za kwao, na kambi ikawekwa hapa kwetu. Wamama wengi walifika na Kirundi peke yake. Hakuna aliyewapa daftari. Lakini baada ya miezi michache ungewasikia sokoni wakibishana bei ya muhogo, wakidai deni, wakikataa noti iliyopasuka, yote kwa Kiswahili chetu. Walikosea? Ndiyo, kila siku. Muuzaji alicheka, akasahihisha, biashara ikaendelea. Mtu aliye na deni la kudai hangojei kwanza amalize sarufi. Na watoto wao walijifunza mbio kuliko mama zao, kwenye bomba la maji na kwenye mpira.

Wengine watasema: hao ni Warundi, Kirundi na Kiswahili ni ndugu. Basi tujiangalie sisi wenyewe. Mwaka 1996 watu wengi wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakaishi Nyarugusu. Masomo ya kambi yalifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Tangu mwaka 2005 wengi walianza kurudi na meli mpaka Baraka. Watoto wao walirudi na nini mdomoni? Kiswahili cha Tanzania, kimenyooka, mpaka wenzao wakawaita Watanzania na kuwacheka. Kifaransa walichokuwa wakifundishwa kwa saa zilizopangwa kilikuwa kinachechemea sawa na cha wenzao wa hapa. Kiswahili cha Kigoma walikipata kwa redio, kwa soko, kwa kuomba kazi ya shamba kwa wenyeji.

Hata Kiswahili chenyewe hakikuletwa kwenye mwambao huu na mwalimu. Karne ya 19 kilivuka kutoka Ujiji pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Ni historia ya machozi, siisifu. Lakini wapagazi na wapiga makasia walikijua kabla ya ubao mweusi wa kwanza kufika.

Wazazi wananijibu: « Mwalimu, Ekzame ya Leta ni kwa Kifaransa. Wewe unataka mutoto wangu aende kukaa na wavuvi? » Swali ni la haki. Katiba ya 2006 inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na sikatai. Lakini katiba hiyohiyo inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia watoto. Sheria iko, sisi ndio tunaogopa. Nilipokuwa mdogo, katika masomo moja nisiyotaja jina, aliyesikika akisema Kibembe alivikwa kipande cha mti shingoni mpaka amkamate mwenzake. Tulichojifunza pale ni kunyamaza, na kupelelezana. Kifaransa tungekipata vilevile bila kile kipande.

Na Kifaransa nacho kinahitaji kazi ya kufanya. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa tano aandike barua kwa ofisi ya kiongozi wa kijiji juu ya daraja lililovunjika, aipeleke mwenyewe, angojee jibu. Atatafuta maneno kwa njaa. Kumi na mbili zangu za ubaoni alizisahau siku ileile.

Sisemi watoto waache masomo. Mtoto aliyeacha daftari akaenda kuvua kila usiku amepoteza pia, atadanganywa siku atakayopewa karatasi ya kutia sahihi. Wala sisemi turudishe kila kitu cha zamani. Lubunga, pale wazee wa Kibembe walipokaa kukata maneno, ilikuwa chuo kikubwa cha lugha: kijana alisikiliza mashauri, akajua methali inatupwa wakati gani na kwa nani. Lakini wasichana hawakukaa pale. Wao walichukua lugha yao mtoni wakilowesha mihogo, na hakuna aliyeandika walichosema. Tukirudisha lubunga, basi mlango uwe wazi kwa wote, wazee wasikasirike.

Ninachoomba shirika letu ni kidogo. Pesa ya kuchapa orodha nyingine ya maneno tuiweke pembeni mwaka huu. Kila darasa litoke asubuhi moja kwa juma: ufukweni wakati ndagala wanaanikwa, sokoni, kwa mama mfinyanzi, kwenye baraza ya wazee. Wanafunzi wasiende kukusanya maneno kama wadudu. Wasaidie kazi, waulize, wapatanishe bei, kisha warudi kusimulia kwa lugha tatu, Kibembe, Kiswahili na Kifaransa, na masimulizi hayo yapewe pointi kwenye buletini kama hesabu. Mwenzetu atakayesema muda hauko, anioneshe kwanza saa tunazopoteza kunakilisha.

Mzee mmoja mwenye mitumbwi amekwisha kukubali kutupokea. Ameweka sharti moja tu: tusiwalete watoto siku za mwezi mkubwa, sababu hawatakuta samaki.