Jifunze makali kabla ya mbio

Uwanja wa barafu ulipofunguliwa katika hoteli ya Panari, Nairobi, mwaka wa 2005, mchezo tuliouona kwenye televisheni tu ulitufikia. Lakini ukiujaribu, msomaji, usianze na mbio. Chuma cha kiatu kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati kuna mfereji. Kunja magoti, simama kwa mguu mmoja, kisha uegemeze mwili wote upande mmoja. Makali yatakuzungusha yenyewe. Anza na ya ndani, ndiyo rahisi. Ukihisi unaanguka, chuchumaa uangukie ubavu. Anayejikinga kwa kiganja huweza kuvunjika kifundo cha mkono. Asiyejua makali hatelezi, anabahatisha. Na kubahatisha huishia kwenye plasta.