FUNDI WA NYUMBANI: Mpira Mpya wa Mlango wa Land Rover

Katika vijiji vya Sengerema, Misungwi na Magu bado zipo Land Rover za zamani zisizokubali kuzeeka. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, mjini Amsterdam, na namna ile ya kale iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1985. Bodi yake ni ya aluminiamu, ndiyo maana haizeeki upesi. Oktoba 2024 wenye magari haya walikusanyika kwa mamia mjini Arusha, wakafanya tamasha lao. Lakini bodi ikidumu, mpira haudumu. Jua huukausha, ukapasuka, ukawa mgumu kama ganda la muhogo.

Wengine husema, "Ni vumbi tu, tumelizoea." Sivyo. Gari la namna hii ndilo linalochukua mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku, au mtoto mwenye homa. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema afika Mwanza upesi. Hata hivyo, kabla ya kufika lami amekwisha kumeza vumbi la njia nzima. Tena liko jambo baya kuliko vumbi. Gari likienda, hewa iliyo nyuma yake huvutwa ndani kupitia mlango wa nyuma, pamoja na moshi wa injini. Katika moshi huo imo kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Abiria akiumwa kichwa, akaona kizunguzungu na kichefuchefu, simamisha gari, mtoe nje apate hewa safi. Kisha kagua bomba la moshi. Bomba lililotoboka sharti litengenezwe kwanza. Mpira mpya si dawa yake.

Haya, tuanze kazi. Kwanza tafuta mahali palipo wazi. Weka kipande cha karatasi mlangoni, funga mlango, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kushikwa, hapo mpira haufanyi kazi. Fanya hivyo kuzunguka mlango wote. Usiku, mtu aingie ndani na tochi, nawe utazame kutoka nje: mwanga utakuonyesha nyufa zote.

Pili, usinunue mpira kabla ya kukagua bawaba. Ufungue mlango, ushike ncha yake, uunyanyue. Ukicheza juu na chini, bawaba zimelika. Zitengeneze, mlango ukae sawa katika miimo yake. Wengi hupoteza fedha hapa: wanatia mpira mnene ili kuziba pengo lililoletwa na bawaba mbovu, na baada ya muda mfupi pengo hurudi.

Tatu, chagua mpira. Mpira wa ndani wa gurudumu, ukikunjwa, waweza kusaidia kwa siku chache, lakini hulala bapa wala hauinuki tena. Unaofaa ni ule laini wenye vitundu vidogo vya hewa ndani, vilivyofungwa. Kabla ya kununua, omba kipande kidogo, ukitie majini, ukibinye mara kadhaa, kisha ukitoe na kukikamua. Kikitoa maji mengi kama sifongo, usiununue. Mpira unaokunywa maji hukaa na unyevu mchana na usiku, na chuma kilicho chini yake huoza.

Nne, toa mpira wa zamani. Mara nyingi umeshikwa na ukanda mwembamba wa chuma uliopigwa ribiti. Usizing'oe ribiti kwa patasi, maana aluminiamu ni laini, itachanika. Toboa vichwa vyake kwa keekee yenye ncha ya kadiri ya ribiti. Zitunze zile kanda, na mpira wa zamani usiutupe: ndio kipimo chako. Kisha kwangua gundi kwa kipande cha mti, piga msasa penye kutu, futa kwa spiriti mbali na moto, upake rangi ya kuzuia kutu. Iache ikauke mpaka kesho. Usiwe na haraka, maana aluminiamu na chuma vikigusana penye maji huharibika upesi.

Tano, kata mpira mpya uzidi kipimo kwa upana wa vidole viwili. Uweke bila kuuvuta. Neno hili ni kubwa: mpira uliovutwa hurudi katika urefu wake baadaye, na pembe za mlango hubaki wazi. Piga kwanza ribiti chache, funga mlango, jaribu tena kwa karatasi. Ukiona karatasi yashikwa pande zote, ndipo upige ribiti zilizobaki na kukata kilichozidi.

Siku za kwanza mlango utakuwa mgumu kufunga. Usiubamize. Legeza kile kibati kilicho kwenye mwimo kinachopokea ulimi wa kitasa, ukisogeze nje kidogo. Mpira ukizoea, kirudishe. Wala usizibe vitundu vilivyo chini ya mlango, kama vipo. Hapo ndipo maji ya mvua hutokea.

Kuutunza ni rahisi: maji na sabuni, kisha kuukausha. Usiupake mafuta ya taa wala grisi, maana huufanya uvimbe na kulegea. Na dereva akumbuke vile vifuniko viwili vilivyo chini ya kioo cha mbele. Penye vumbi, kama hakuna gari mbele yake, avifungue: hewa iingiayo mbele huzuia vumbi lisivutwe kutoka nyuma.

Kazi hii yafaa ifanywe wakati wa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanza mwezi wa Oktoba. Mpira ni kitu kidogo, lakini sakafu iliyooza kwa maji ni kazi ya fundi wa kulehemu na fedha nyingi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kutunza betri ya gari lisilotembea kila siku.