Tunavuna Hofu Tuliyoipanda

Kila Dar es Salaam inapokumbwa na hofu ya Panya Road, kama ilivyokuwa mwaka 2015 na tena mwaka 2022, hukumu hutoka haraka kuliko uchunguzi. Ofisini, vijiweni na kwenye daladala husikika wimbo ule ule: vijana wa siku hizi wameharibika kwa sababu wazazi wamelegea na walimu wamenyang'anywa fimbo. Mchelea mwana kulia, tunakumbushwa, hulia mwenyewe. Basi virudishwe viboko.

Nawauliza waimbaji wa wimbo huo swali moja tu: viboko viliondoka lini?

Mwaka 2009 nchi yetu, kwa ushirikiano wa UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu ukatili waliofanyiwa utotoni. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Karibu robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Waliotajwa mara nyingi kwa vipigo hawakuwa majambazi wa usiku. Walikuwa ndugu na walimu.

Ndugu msomaji, piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 13 wakati wa utafiti ule alikuwa na miaka 19 mwaka 2015. Kizazi kilichotueleza maumivu yake ndicho tulichokuja kukisaka kwa pingu. Sisemi kwamba kila aliyepigwa alishika panga. Walio wengi hawakushika. Nasema kwamba kama kipigo kingekuwa kinajenga maadili, vijana wetu wangekuwa walimu wa maadili kwa dunia nzima.

Mtoto asiyejua kama mlango utafunguliwa kwa salamu au kwa kofi hujifunza kukaa chonjo kabla hajajifunza kusoma. Mwili wake hutoa homoni za tahadhari siku baada ya siku, na ubongo wake, ambao bado unajengwa, hujipanga kwa ajili ya vita. Sehemu inayonusa hatari huwa kali kupita kiasi. Sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia hasira, ambayo hata kwa aliyelelewa vyema haikomai hadi miaka ya ishirini na kitu, hubaki nyuma. Akifika miaka 15, huona tusi palipo na utani, na shambulio palipo na onyo. Sisi twaita ukorofi. Kwake ni werevu ule ule uliomlinda nyumbani, ambao sasa unamponza mtaani. Genge likimpa ulinzi, jina na watu wa kumngoja jioni, limempa alichokikosa kwetu.

Wengine hawapigi mtu. Hunyamaza, huacha shule, hunywa, hujidhuru. Utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda, uliochapishwa mwaka 1998 kutokana na maelfu ya watu wazima huko California, ulionesha kwamba kadiri aina za madhila ya utotoni zinavyoongezeka kwa mtu, ndivyo uwezekano wa ulevi, matumizi ya dawa za kulevya na jaribio la kujiua unavyopanda. Hawa wa kimya hatuwaoni kwenye taarifa ya habari, ndiyo maana hatuwahesabu.

Najua jibu litakalokuja: "Mbona sisi tulichapwa na tukawa watu?" Tumekuwa watu wa namna gani? Mimi husimama mbele ya wanafunzi mia tatu wa mwaka wa kwanza, nikauliza nani ana swali, na ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Si kwamba wameelewa. Wamefundishwa kwa miaka kumi na mitatu kwamba jibu lisilo sahihi huuma mkononi. Kesho ndio maofisa watakaoona fedha za umma zikipotea na kukaa kimya mbele ya mkubwa. Hofu hiyo nayo ni tabia tuliyoilea.

Sheria zetu zinasemaje? Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kitabuni. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mateso, kisha kinaacha upenyo kwa adhabu "ya kiasi". Nani anapima kiasi hicho darasani, mwalimu mmoja akiwa na watoto mia? Mwaka 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kuchapwa na mwalimu. Jirani zetu wa Kenya waliondoa viboko shuleni kisheria tangu mwaka 2001. Sisi tunangoja nini?

Kilichopindishwa kinaweza kunyooshwa. Huko Bucharest, watoto waliotolewa kwenye vituo vya kulelea yatima na kupewa familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walipiga hatua kuliko wenzao waliobaki vituoni. Usalama ni tiba, na tiba hiyo haihitaji mitambo.

Kwa hiyo, enyi watumishi wa umma: kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zipo kwenye makaratasi ya kata zenu, ziitisheni, mzipe fungu, mwajirini maafisa ustawi wa jamii. Wanaharakati, daini kanuni ya viboko ifutwe na upenyo wa kifungu cha 13 uzibwe. Nanyi wanafunzi wangu mtakaokwenda kufundisha, ingieni darasani mikono mitupu. Siku tutakapomkamata tena kijana wa miaka 17, tumuulize alilala wapi alipokuwa na miaka 7, kisha tujiulize nani kati yetu alimsikia akilia.